Kabla Hujanunua Gitaa la Bei Kubwa la Kupigia Metali

Kuna gitaa la kupigia metali, ule muziki mzito wa roki, unalolitazama kila usiku kabla ya kulala. Jeusi, bodi yenye pembe kali, pikapu mbili nene (vile vinasa sauti vyenye sumaku chini ya nyuzi), shingo nyembamba. Bei yake inakutisha, na bado unarudi kulitazama. Sitakuambia usilinunue. Mimi ninalo la namna hiyo na ninalipenda. Lakini nililipata mara ya pili. Mara ya kwanza nilitoa fedha nyingi kwa gitaa ambalo halikuweza kuondoa tatizo langu, kwa sababu sikuwa nimejiuliza tatizo lenyewe ni lipi. Hatua zilizo hapa chini ndizo ambazo ningezifuata siku ile. Nimezipanga kuanzia zile za gharama ndogo, kwa hiyo huenda ukafika katikati na kukuta tayari umepata ulichokuwa unakitafuta.

Hatua ya 1: Andika gitaa lako linakuzuia nini

Weka daftari karibu na kiti unachofanyia mazoezi. Kwa wiki mbili, kila unapolazimika kusimama kwa sababu ya gitaa, andika sentensi moja. Usiandike "gitaa langu ni bovu". Andika kitu ambacho fundi anaweza kukigusa: "Uzi wa sita unalegea nikiushusha hadi noti ya C." "Baada ya wimbo mmoja uzi wa tatu umetoka kwenye tyuni, haushiki tena noti yake." "Kidole hakifiki freti ya 22 (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo) kwa sababu kisigino cha shingo kimenizuia." "Nikiacha kupiga, amplifaya inavuma."

Utaona pia sentensi za aina nyingine zikijitokeza. "Mkono wa kulia unachoka kwenye mapigo 200 kwa dakika." "Solo yangu haisikiki safi." Hizo ziandike upande wa pili wa ukurasa. Ni za mikono, na dawa yake ni metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, inayoanza taratibu na kuongezwa mapigo machache kila baada ya siku kadhaa.

Wazee walisema mchagua jembe si mkulima, na wapiga gitaa hurushiwa methali hiyo mara tu wanapotaja gitaa jipya. Siikubali yote. Jembe lililolegea mpini humchosha hata mkulima hodari, na nimeona vijana wakiacha muziki kabisa kwa sababu ya gitaa lenye nyuzi zilizoinuka hadi kuumiza vidole, huku wakidhani kasoro ni yao. Kwa hiyo chukua malalamiko yako kwa uzito. Ila yawe yameandikwa.

Katika wiki hizo hizo, rekodi kwa simu rifu tatu, yaani vipande vifupi vya gitaa vinavyorudiwa, unazozipiga mara nyingi. Zihifadhi. Utazihitaji mwishoni.

Hatua ya 2: Badilisha nyuzi, kisha mpelekee fundi

Hapa ndipo matatizo mengi ya metali huishia, nami nitakaa hapa kidogo.

Nyimbo nyingi za metali hazipigwi kwenye tyuni ya kawaida. Uzi mnene hushushwa hadi D, C, hata chini zaidi. Sasa, mvuto wa uzi hupungua haraka kuliko sauti inavyoshuka: unafuata mraba wa masafa. Uzi wa sita kwenye E hutetema mara 82.4 kwa sekunde. Ukiushusha hadi C unatetema mara 65.4. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mvuto unaobaki ni kama asilimia 63 tu ya ule wa mwanzo. Ndiyo maana uzi unapwaya, unagonga freti, na kila unapoupiga kwa nguvu sauti inapanda kwanza kisha inashuka. Mtu husikia hivyo akasema gitaa lake haliwezi metali. Gitaa linaweza. Limefungwa nyuzi za kazi nyingine.

Seti ya kawaida huwa na uzi wa sita wa unene wa 46, yaani sehemu 46 kati ya elfu moja za inchi. Ili C iwe na mvuto uleule wa E unahitaji uzi wa unene wa 56 hadi 58. Zipo seti zilizotengenezwa kwa tyuni za chini, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na gitaa unaloliwaza.

Ila usizifunge tu ukaanza kupiga. Uzi mnene huenda usikae sawasawa kwenye mfereji wake pale juu ya shingo, karibu na funguo za kutyuni. Ukibana humo, utatyuni na baada ya dakika tano umetoka tena. Watu hulaumu funguo, wakanunua mpya, na tatizo likabaki palepale. Fundi atapanua mfereji huo kwa tupa ndogo. Kama uzi unakwama kidogo tu, sugua ncha ya penseli ndani ya mfereji. Unga wa penseli hulainisha. Na nyuzi mpya zivute kwa mkono mara kadhaa, utyuni tena, hadi zitulie.

Mwambie fundi tyuni utakayoitumia na unene wa nyuzi kabla hajaanza kazi, kwa sababu vyote anavyovipima vinategemea hivyo viwili. Atarekebisha fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo ili shingo iwe na mpindo mdogo: bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, na nafasi inayobaki kwenye freti ya saba au ya nane iwe takriban milimita 0.2. Atashusha nyuzi hadi kimo cha milimita 1.5 hadi 2 juu ya freti ya 12. Atasogeza vikalio vya darajani, pale nyuzi zinapokaa kwenye bodi, hadi noti ya freti ya 12 ilingane na ile ya uzi ukiguswa tu hapohapo bila kubonyezwa. Kama freti moja imeinuka kuliko wenzake ataisawazisha.

Gitaa likirudi, lipige wiki moja kisha soma daftari lako. Futa kila sentensi iliyokwisha. Kwangu mimi zilifutika nne kati ya saba.

Hatua ya 3: Fuata sauti hadi spika

Sauti ya metali huzaliwa kwenye pikapu, hukua kwenye pedali (kijisanduku cha kubadilisha sauti kinachokanyagwa) na amplifaya, na hutoka kwenye spika. Gitaa ni mwanzo wa safari hiyo tu. Distoshani ya nguvu, yaani ule mkwaruzo wa makusudi wa sauti, hubana na kusawazisha mawimbi kiasi kwamba tofauti ndogo za mbao, ambazo zingesikika kwenye sauti safi, huzama. Spika haizami. Spika ya inchi 6 haina uwezo wa kusukuma zile noti za chini zinazokugonga kifuani, hata uchomeke gitaa la namna gani.

Hili ndilo nililojifunza kwa gharama. Nilileta nyumbani gitaa la bei kubwa, nikalichomeka kwenye amplifaya yangu ndogo ya mazoezi, na ikatoka sauti ileile: nyuki ndani ya kopo. Nilikaa nikilitazama kwa uchungu. Wiki chache baadaye rafiki akaniruhusu kutumia amplifaya yake yenye spika ya inchi 12. Nilikuwa nimebeba gitaa langu la zamani kwa bahati tu. Rifu ya kwanza ilinifanya ninyamaze. Sauti niliyoitafuta kwa miaka ilikuwa inatoka kwenye gitaa nililokuwa nimeliwekea tangazo la kuuza.

Basi fanya jaribio hili kabla hujafanya jingine lolote. Peleka gitaa lako kwenye amplifaya nzuri, iwe ya rafiki, ya studio ya mazoezi au ya dukani. Kisha, ukiweza, azima gitaa zuri ulichomeke kwenye amplifaya yako. Sikiliza ni lipi kati ya hayo mawili limebadilisha sauti zaidi. Jibu lake litakuonyesha fedha ziende wapi, na mara nyingi haziendi kwenye gitaa.

Kama unapiga kwa kompyuta na vipokea sauti vya masikioni, jaribio ni rahisi zaidi: programu za kuiga amplifaya siku hizi ni nzuri sana, na nyingi hukupa siku kadhaa za kujaribu bure.

Ukiwa hapo, rekebisha vitufe. Wengi wetu tunaweka geini (kitufe cha kiasi cha distoshani) juu mno na kuondoa sauti za kati kabisa. Chumbani peke yako inapendeza. Ukikutana na ngoma na besi, gitaa lako linatoweka. Punguza geini hadi uanze kuona haya, ongeza sauti za kati, kisha rekodi. Na kama rifu za haraka bado ni matope, weka pedali ya kukoleza mbele ya amplifaya, mfano Tube Screamer ya Ibanez, kitufe cha distoshani kikiwa chini na cha sauti kikiwa juu. Pedali hiyo hupunguza besi kabla haijaingia kwenye distoshani, na hapo noti zilizozimwa kwa ubavu wa kiganja huanza kukatika kama shoka. Wapiga metali wengi sana hufanya hivi.

Hatua ya 4: Pikapu

Kama malalamiko yaliyobaki ni mvumo, au sauti nyembamba hata kwenye amplifaya nzuri, tazama pikapu. Zile za koili moja hunasa mvumo wa umeme wa nyumba, na distoshani huukuza. Mwaka 1955 Seth Lover, aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya magitaa ya Gibson, alibuni pikapu ya koili mbili zilizopangwa kinyume ili mvumo wa moja ufute wa nyingine. Ndiyo hambaka, na metali imesimama juu yake.

Kama gitaa lako tayari lina hambaka, kwanza sogeza kimo chake kwa bisibisi. Ikiwa karibu mno na nyuzi, sumaku huzivuta na sauti huchafuka. Ikiwa mbali, nguvu hupungua. Ikishindikana, hambaka mpya yenye nguvu hufungwa na fundi kwa sehemu ndogo ya bei ya gitaa jipya. Zipo za kawaida, na zipo zenye kikuza sauti ndani yake, kama EMG 81, zinazotumia betri ya volti 9. Hizi ni tulivu na zenye makali sana. Kabla ya kuzinunua hakikisha kuna nafasi ya betri ndani ya bodi, na ukishazifunga zoea kuchomoa waya baada ya kupiga, kwa kuwa ndio unaowasha betri.

Hatua ya 5: Jua fedha inanunua nini

Umefika hapa na bado daftari lina sentensi ambazo hazijafutika? Vizuri. Sasa tunazungumzia gitaa jipya kwa haki.

Bei ikipanda kutoka ya chini kabisa hadi ya kati, unapata mengi: shingo isiyopinda ovyo, freti zilizolainishwa ncha, funguo zinazoshika, daraja la chuma imara, soketi isiyokatakata sauti. Ikipanda kutoka ya kati hadi ya juu, unapata kidogo zaidi kwa kila kiasi unachoongeza. Freti za chuma cha pua hudumu miaka mingi bila kulika, na ukivuta uzi huteleza kama kwenye kioo. Kisigino cha shingo huchongwa ili mkono ufike juu. Kazi ya mkono inakuwa makini zaidi. Haya yana thamani kwa mtu anayepiga saa nyingi kila siku, na mimi nayahisi kila ninapolishika langu.

Kisha kuna sehemu ya bei isiyofika kwenye sauti wala mkononi: rangi, mapambo ya ubao wa freti, mbao za juu zenye mawimbi, saini ya mwanamuziki. Ukizipenda, zinunue ukijua unanunua uzuri. Sioni aibu ndani yake. Gitaa linalokufanya utamani kulichukua hupigwa zaidi. Ila Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa bendi ya Van Halen, aliunga gitaa lake kutoka bodi ya bei ndogo yenye kasoro na pikapu ya Gibson, akalipulizia rangi mwenyewe, na mwaka 1978 dunia nzima ikasikia. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, aliyekatika ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham akiwa na miaka 17, alitumia nyuzi nyepesi na mwaka 1971 akashusha tyuni nusu toni tatu. Sauti nzito ambayo metali yote imeirithi ilitokana kwa sehemu na mkono ulioumia ukitafuta njia.

Mambo mawili hayahusiani na bei, lakini ukikosea hapo utajuta kuliko popote.

La kwanza ni urefu wa uzi kutoka darajani hadi kwenye ule mfereji wa juu ya shingo. Magitaa ya mtindo wa Les Paul yana takriban milimita 628, ya mtindo wa Stratocaster na mengi ya metali yana 648, na ya baritoni huwa kama 686. Uzi uleule kwenye tyuni ileile huwa na mvuto wa asilimia 12 zaidi kwenye 686 kuliko kwenye 648. Kama bendi yako imehamia A au B, gitaa refu la bei ya kati litakufaa kuliko fupi la bei kubwa.

La pili ni daraja. Daraja linaloelea la Floyd Rose hufunga nyuzi pande zote mbili, na unaweza kulisukuma hadi nyuzi zilegee kabisa, ukaachia, na tyuni ikarudi. Kwa solo za vilio na miporomoko hakuna kama hilo. Lakini daraja hilo linasimama kwa mizani kati ya nyuzi na springi. Ukibadilisha tyuni ya uzi mmoja, mingine yote inahama. Uzi mmoja ukikatika jukwaani, mingine yote inapanda. Bendi yetu ilikuwa inapiga nusu ya nyimbo kwenye E na nusu kwenye dropu C (uzi wa sita umeshushwa hadi C, nyuzi nyingine toni moja), na lile gitaa langu la kwanza la bei kubwa lilikuwa na daraja hilo. Wenzangu walisubiri nikihangaika na ufunguo mdogo mkononi, na baada ya mwezi nikaanza kuliacha nyumbani. Kama unabadilisha tyuni mara kwa mara, chukua daraja lisilotembea.

Kuhusu nyuzi saba na nane nitasema machache. Ibanez walileta Universe ya nyuzi saba mwaka 1990 pamoja na mpiga gitaa Steve Vai, na bendi ya Korn ikaonyesha baadaye jinsi ilivyo nzito. Uzi wa saba huwa B inayotetema mara 61.7 kwa sekunde, wa nane F# ya kama mara 46. Shingo inapanuka na mkono wa kulia una nyuzi zaidi za kuzima. Zinunue kama tayari una nyimbo zinazoziita.

Hatua ya 6: Lishike kwa muda mrefu

Nenda na piki yako (kijibati cha plastiki cha kupigia nyuzi), mkanda wako, na rifu zako tatu. Usiende na nyimbo za kumfurahisha muuzaji. Omba dakika 40 bila kusumbuliwa.

Anza bila amplifaya. Piga kila uzi kwenye kila freti, na uvute uzi wa kwanza na wa pili kwenye freti za juu. Noti ikizimika ghafla, freti haziko sawa. Telezesha kiganja ukingoni mwa shingo, ncha za freti zisikukwaruze. Simama na mkanda, kisha achilia mikono yote miwili: kichwa kikiporomoka chini, mkono wako wa kushoto utakuwa ukibeba gitaa kila usiku wa maonyesho, na magitaa yenye pembe kali yana tabia hiyo. Kisha chomeka, weka geini unayoitumia kweli, na uzime nyuzi kwa viganja. Sikiliza kama kuna mvumo. Halafu piga rifu zako na urekodi kwa simu ileile.

Kama unanunua kwa mtandao huwezi kufanya haya dukani, basi muda wa kurudisha ndio duka lako. Soma masharti yake yalivyoandikwa, pamoja na nani analipa usafiri wa kurudisha. Bila haki ya kurudisha, utakuwa umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

La mkononi nalitetea kwa moyo wote. Gitaa jipya hupoteza sehemu ya bei mara tu linapotoka dukani, na hasara hiyo tayari amekula mwenye kuliuza. Liangalie nyuma, pale kichwa kinapoungana na shingo, chini ya mwanga mkali: ufa mwembamba kama unywele hujificha hapo, hasa kwa magitaa yenye kichwa kilichoinama nyuma. Omba kuona fimbo ya shingo ikizunguka na kubana. Tazama freti chini ya nyuzi nyembamba. Zikiwa na mashimo, hesabu gharama ya kuzisawazisha au kuzibadilisha ndani ya bei.

Hatua ya 7: Amua

Jumlisha bei yote: gitaa, kasha gumu, kazi ya fundi, nyuzi za ziada, usafirishaji. Kama jumla hiyo inahitaji mkopo, au itakula fedha za amplifaya ambayo hatua ya 3 imekuonyesha unaihitaji, subiri. Nisingekopa kwa ajili ya gitaa.

Kama fedha ipo, amplifaya inatosha, daftari bado lina sentensi mbili tatu ambazo fundi ameshindwa kuzifuta, na gitaa ulilolishika limezifuta zote mikononi mwako, nunua, na usimruhusu mtu akutie hatia. Kama daftari ni tupu na bado unalitamani, ngoja siku 30. Tamaa nyingine huisha, nyingine hukomaa ikawa sababu.

La zamani usiliuze bado. Gitaa jipya likifika kutoka safarini, liache ndani ya kasha saa chache lizoee joto la chumba. Kisha lifungue, litundike nyuzi na tyuni yako, na kabla muda wa kurudisha haujapita, rekodi rifu zile tatu za hatua ya 1 kwa simu ileile, umbali uleule. Cheza rekodi zote mbili ukiwa umefumba macho, mwambie mtu azichanganye. Kama hujui lipi ni lipi, na mkono nao haukuhisi tofauti, lirudishe kwenye kasha lake na upige simu dukani kesho asubuhi.